Mgogo Aliyenitukana Barazani

Mwezi uliopita tulimzika Ndahani hapa Tabora, na tangu siku hiyo sijatulia. Majonzi nayajua, yana mahali pake, mtu unayabeba huku unaendelea kula na kulala. Kinachonikera ni kijana mmoja wa kamati ya mazishi, mwenye miwani na kibao cha kuandikia, aliyenifuata nimekaa mkekani na wazee wenzangu akanikabidhi karatasi. "Shikamoo mzee. Umepangwa baada ya mwakilishi wa ofisi. Dakika mbili. Utatusomea hii." Nikamwuliza ni nini. Akasema, "Wasifu wa marehemu, tumeshauandaa." Nikaitazama. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini kusoma najua, na mikataba yote ya malori yangu naisoma mwenyewe, hajazaliwa karani wa kunichezea. Imeandikwa kwamba marehemu alikuwa mtu mpole, mnyenyekevu, mwenye maneno machache. Ndahani! Maneno machache! Mtu ambaye akiingia sokoni wauza samaki walikuwa wanafunika vikapu vyao wasije wakatukaniwa hata samaki wao! Nikamwambia yule kijana, "Mwanangu, mimi ni mtani wa huyu mtu. Mimi Mnyamwezi, yeye Mgogo. Unajua maana yake?" Akashuka na kidole kwenye kibao chake, juu mpaka chini, akaniambia kwa adabu kabisa, "Utani haumo kwenye ratiba, mzee."

Haumo kwenye ratiba. Enzi za misafara babu zetu walipita Ugogo na pembe za ndovu mabegani, Wagogo wakawatoza hongo kwa kila kata ya maji ya tope, wakatukanana, wakapigana, wakachoka kupigana, wakabaki na kutukanana tu, na huko kutukanana kukawa undugu. Mtani wako akikutukana huruhusiwi kukasirika, hata mbele ya mtemi, hata mbele ya mama mkwe. Akifa unakwenda kumtania kaburini. Hiyo ni kazi yako, na wafiwa wanakungoja. Leo mtoto wa juzi ananiambia ratiba! Nilikunja karatasi yake nikaitia mfukoni, nikaenda mpaka ukingoni mwa kaburi, nikasema kwa sauti yangu hii hii: "Mgogo! Inuka hapo! Maisha yako yote kazi kuomba, leo umeomba mpaka shimo? Na hilo shimo tumekuchimbia sisi Wanyamwezi, hata kufa kwako mzigo tumebeba sisi!" Mjane wake, ambaye tangu alfajiri alikuwa hajainua uso, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka, na baada ya kucheka ndipo akalia, akalia vizuri, kilio cha mtu anayemlilia mume wake mwenyewe na si yule mpole wa kwenye karatasi. Garini, wakati wa kurudi, binti yangu Agnesi, anayefanya kazi ofisini, akaniambia nimewaaibisha mbele ya mgeni rasmi. "Baba, siku hizi watu wanasoma hotuba." Sikumjibu. Nimeamua kumjibu hapa, kwa sababu garini alikuwa amefunga kioo na kugeukia nje.

Hao wasoma hotuba nina swali moja kwao: wamewahi kuomba msitu? Mimi nimeuomba msitu, na nikaupata, na nusura niukose kwa sababu ya hotuba iliyoandikwa vizuri.

Ilikuwa miaka ya mwishomwisho ya Mwingereza. Nilikuwa kijana, sina mke, sina baiskeli, nina mdomo tu. Nilipanga chumba hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, kwa Bi Zuhura, mjane wa Kimanyema mwenye sauti ya kuweza kusimamisha garimoshi. Chumba chenyewe kilikuwa taabu: kitanda cha kamba, msumari mmoja wa kutundikia shati, na madebe ya asali yaliyopangana mpaka yakaziba dirisha, hivi kwamba ukilala unanusa nta na ukiamka sisimizi wako shingoni. Asali ilitoka misitu ya upande wa Usoke. Tukimaliza kuvuna, wenzangu walirudi kwenye mashamba yao, mimi nikapanda treni na madebe kuja kuuza mjini, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuuza kama mimi. Nasema hivi bila kujisifu. Wengine walikaa nyuma ya madebe yao kama wamefiwa. Mimi nilisimama, nikawaita wanawake kwa majina ya watoto wao, nikamwambia Mwarabu wa duka la nguo kwamba ndevu zake zimepauka kwa kukosa asali, na jioni madebe yangu yalikuwa matupu. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nasema tu kama ninavyosema.

Asubuhi Bi Zuhura alikaanga maandazi uani, na wafanyakazi wa mtaani walipita kunywa chai kabla ya kwenda kazini. Mmojawapo alikuwa Ndahani, tarishi wa boma, mrefu, mweusi tii, kaki zake zimepigwa pasi mpaka ungedhani zitasimama bila yeye, na tarbushi nyekundu kichwani. Yeye ndiye aliyepeleka barua za Bwana Shauri, yaani mzungu mkuu wa wilaya, na kumfuata safarini akibeba sanduku la mafaili. Nilikuwa namsikia nikiwa bado kitandani.

"Bi Zuhura, umefunga punda wangapi humo ndani leo?"

"Mmoja tu, na bado amelala."

"Mwamshe. Msafara unaondoka na pembe hazina wa kuzibeba."

Nami huko ndani nikapaza sauti, "Bi Zuhura, mwambie huyo Mgogo chai ya hapa haina hongo, anywe aende zake. Na hesabu maandazi, kwao wanaomba kwa mkono mmoja na wa pili uko kapuni!"

"Haya, haya," alisema Bi Zuhura, "tukaneni nje, mafuta yangu yanatokota." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, kila siku ya Mungu. Ndahani hakuwahi kuniuliza nimeamkaje. Lakini nilipougua homa yeye ndiye aliyeniletea uji, akakaa mlangoni ananiambia nikifa atauza ngozi yangu watu wawambie ngoma.

Sasa mwaka huo, kiangazi kikiwa kikali, nilikwenda Usoke nikakuta watu wamekusanyika kwa mwanangwa, yaani mkubwa wa kijiji, na nyuso zimewashuka. Mwanangwa alikuwa ametangaza kwamba msitu wa ng'ambo ya mto unafungwa. Bwana Miti, mzungu wa misitu, amesema warina asali wanaharibu miti, na atakayeonekana humo atafungwa. Kama kuna mwenye neno, Bwana Shauri atakuja kukaa baraza pale Usoke pamoja na Mtemi, amsikie. Kwa asiyejua kazi yetu nitaeleza kidogo. Mzinga wetu ni wa gome. Unachagua mti ulionyooka, unachuna gome lake zima kama unavyomvua mtu shati, unalikunja, unaziba ncha zake, unaupandisha juu ya mti mwingine kwa kamba na kuungoja msimu. Mizinga yetu yote, ya kila mtu, ilikuwa ndani ya msitu ule, nyuki wameshaingia, asali inajengwa. Msitu ukifungwa, inabaki huko ikioza. Kulikuwa na watu walioahidi mahari kwa asali ile. Mimi mwenyewe sikuwa na shamba wala ng'ombe. Nilikuwa na mizinga.

Tulikaa jioni hiyo nyumbani kwa Mzee Masanja, ambaye ndiye aliyenifundisha kupanda miti, mtu mdogo, mkavu, mwenye hasira ya kudumu. Mke wake alituletea matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga, tukatafuna. Halafu Masanja akasema, "Atasema Yakobo. Huyu akinyamaza hata nyuki hushangaa." Watu wakaitikia. Akanyoosha kidole. "Lakini habari ya magome usiiguse. Tukiulizwa, sisi tunaokota. Mti umeanguka wenyewe, umepigwa na radi, umekanyagwa na tembo, sisi tunaokota gome. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Wote tulijua hakuna mtu aliyewahi kuokota gome tangu dunia iumbwe.

Na hapo ndipo nilipofanya ujinga wa karne. Niliporudi Tabora nilianza kuogopa. Nilijiambia, sokoni ni sokoni, hili ni baraza, Bwana Shauri hanunui asali. Nikamwendea Mwalimu Gervasi, jirani, aliyekuwa akiwaandikia watu maombi, nikamwambia anifundishe kusema. Nilimpa debe zima la asali kwa kazi hiyo, na mpaka leo nikilikumbuka debe lile naona uchungu. Mwalimu alikaa usiku kucha akaandika, akaja asubuhi amefurahi kama aliyejifungua. "Mkono wa kulia nyuma ya mgongo," akaniambia. "Kidevu juu. Usicheke. Usiseme 'mimi', sema 'msemaji wenu mtiifu'. Usiseme 'tunaomba', sema 'tunajongea kwa unyenyekevu'."

"Na nyuki, Mwalimu?"

"Nyuki usiwataje kabisa. Sema 'wadudu wenye manufaa'."

"Bwana Shauri atajua nasema nyuki?"

"Atajua wewe ni mtu uliyestaarabika. Hilo ndilo kubwa." Akanivisha na koti lake, la sufu, limebana makwapani mpaka mikono ikasimama kando kama ya chura. Nikawa nashinda chumbani nikikariri huku natembea kati ya madebe. Siku ya tatu Bi Zuhura akagonga mlango kwa mwiko. "Yakobo! Nani huyo uliye naye humo? Mimi chumba nimekupangisha peke yako."

"Ni mimi, Bi Zuhura. Najifunza kusema."

Akatega sikio mlangoni. Kisha: "Wewe? Huyo mtu anaongea kama aliyeazima meno."

Ningemsikiliza! Lakini nani humsikiliza mwenye nyumba wake? Nilidhani ni wivu wa mtu asiyesoma. Leo natazama watu wanapanda jukwaani, mtu ninayemfahamu, nimecheka naye asubuhi kwenye supu, akishika kipaza sauti tu uso unabadilika, sauti inapanda puani, anaanza kutaja vyeo vya watu waliokaa mbele kama anayeita mahudhurio, na akimaliza vyeo hana tena cha kusema. Natamani nigonge kwa mwiko. Toka humo wewe, mrudishe yule wa asubuhi!

Siku ya baraza jua lilikuwa linapasua vichwa. Walijenga kibanda cha nyasi karibu na stesheni, ndani wakaweka viti vitatu: cha Bwana Shauri katikati, mtu wa makamo mwenye uso mwekundu na Kiswahili kizuri, cha Mtemi kulia, na cha Bwana Miti kushoto, kijana, aliyekuwa anaandika muda wote bila kuinua kichwa. Nyuma yao amesimama Ndahani na sanduku la mafaili, tarbushi imenyooka, macho mbele, kama hajawahi kuniona duniani. Sisi warina asali tulikaa chini, juani, kundi zima la watu. Nikaitwa. Nikasimama na koti la Mwalimu, mkono wa kulia nyuma, kidevu juu, nikaanza: "Mtukufu Bwana Shauri, msemaji wenu mtiifu anajongea kwa unyenyekevu mbele ya uso wenu mtukufu, kwa niaba ya raia wapenda amani, kuhusu wadudu wenye manufaa..."

Niliendelea hivyo. Sijui kwa muda gani, kwa sababu nilikuwa najisikiliza kwa mbali, kama mtu anayesikia ngoma ya kijiji kingine. Wenzangu walikuwa wameinamisha vichwa wanachora mchangani kwa vidole. Mtemi alifumba macho. Nikafika mahali penye "aidha" nikasahau kinachofuata. Nikarudi nyuma kidogo ili nipate mwendo, nikafika tena kwenye "aidha", hakuna kitu. Nikarudi tena mwanzo kabisa: "Mtukufu Bwana Shauri, msemaji wenu mtiifu..." Nikasikia mtu amecheka na mwingine amemnyamazisha. Jasho lilikuwa linanitiririka ndani ya sufu mpaka miguuni. Bwana Shauri alitoa saa yake, akaitazama, akaninyooshea kiganja kwa upole. "Ahsante. Inatosha. Nimeelewa kwamba mna shida na wadudu. Tutaleta dawa. Kuna mwingine?"

Dawa! Alidhani tunaomba dawa ya kuwaua! Hakuna aliyesimama. Masanja alinitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua. Bwana Miti akafunga kitabu chake. Bwana Shauri akashika mikono ya kiti ainuke, na msitu ulikuwa umekwisha kwenda, mizinga na mahari na kila kitu, mimi nikiwa nimesimama pale na mkono nyuma.

Ndipo nikasikia sauti, kubwa, kutoka nyuma ya kiti cha Bwana Shauri.

"Mnyamwezi! Hilo koti umemvua marehemu gani?"

Watu wote wakashtuka. Tarishi, kazini, ndani ya kaki za serikali, anapiga kelele juu ya kichwa cha bwana wake! Bwana Shauri akageuka polepole. Ndahani alikuwa bado amesimama wima kama mlingoti, ila mdomo ulikuwa wa uani kwa Bi Zuhura. "Nauliza! Babu zako walibeba pembe kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo bila kulalamika, wewe umeshindwa kubeba koti? Umesimama hapo kama kuku aliyenyeshewa, unaomba msitu au unaomba ubatizo?"

Mtemi ndiye aliyeanza kucheka. Akafumbua macho, tumbo likatikisika, akamwambia Bwana Shauri, "Ni mtani wake, Bwana. Mgogo. Hapo hata mimi sina amri." Bwana Shauri alimtazama tarishi wake, akanitazama mimi. "Nimekaa Dodoma," akasema. "Nawajua." Akarudi kukaa.

Sasa mtani akikutukana mbele ya watu usipojibu wewe si mtu. Damu ilinipanda, hotuba ikatoka yote kichwani, nashukuru Mungu mpaka leo. Nikalivua lile koti, likachanika kwapani, nikasikia upepo. "Nyamaza wewe Mgogo!" nikamwambia. "Kwenu mti mrefu ni mtama! Wewe msitu utaujulia wapi? Mlikuwa mnakaa kwenye kisima cha tope mnatutoza hongo, mkadhani huo ndio utajiri!" Kundi likalipuka. Wenzangu waliinua vichwa. Nami nilikuwa sizungumzi na Bwana Shauri tena, nilikuwa nazungumza na Ndahani, na naye, yule shetani, aliniuliza kila kitu kilichotakiwa kuulizwa.

"Sasa huko msituni mnatafuta nini? Si mfuge kuku nyumbani kama watu?"

"Nyuki hafugwi uani, Mgogo! Nyuki anataka mti wenye maua na mahali pasipo na mikelele ya watu kama wewe. Mizinga yangu iko huko juu sasa hivi, nyuki wamo, asali iko ndani. Ukinifungia njia leo ni kama umeniambia nimeoa lakini nisiingie nyumbani!"

"Nyumba gani? Si mnauchoma moto huo msitu?"

"Nitachoma nyumba yenye chakula changu? Tunachoma majani mapema, yakiwa na unyevu bado, ili moto mkali wa baadaye usipate cha kula. Moto wa mwisho wa kiangazi ukipita hapo, mizinga inakuwa kuni."

Bwana Shauri alikuwa ameegemea goti, anasikiliza. Bwana Miti alikuwa amefungua kitabu tena. Nilikuwa najua, mwilini, kama ninavyojua sokoni, kwamba nimewashika. Na hapo hapo Ndahani akaniuliza, kwa kejeli ile ile, "Na magome je? Mnaokota, siyo? Mti unavua shati wenyewe, unakukabidhi, unakushukuru?"

Watu wakacheka. Nilimsikia Mzee Masanja akikohoa, kikohozi cha kunionya. Jibu lilikuwa ulimini: tunaokota. Ningeweza kulisema. Lakini Ndahani alikuwa ananitazama usoni, mtu aliyeniona asubuhi zote na sisimizi shingoni, na nilijua nikisema neno lile, sauti ingerudi ile ya meno ya kuazima, na kila mtu pale angesikia.

"Tunachuna," nikasema. "Mti mzima, tena mzuri. Ukishachunwa unakufa. Nami nimechuna mingi." Bwana Miti akainua kichwa kwa mara ya kwanza siku ile. Nikamgeukia. "Bwana Miti hakusema uongo. Lakini mkitufungia, njaa haitafungwa. Tutaingia gizani, na anayeingia gizani hachagui mti, anachuna wa kwanza anaoushika. Tuacheni tuingie mchana. Mkituona, mtatuuliza. Mkituuliza, tutawaambia." Nilikuwa sina zaidi. Nikakaa chini.

Bwana Shauri alisema atafikiri na kuleta jibu. Hakuna aliyepiga makofi. Baraza lilipovunjika Masanja alinipita bila kunitazama. "Umetuuza," akasema. "Umetuuza juani, watu wote wanaona." Na wengine wakamfuata. Jioni ile nilikula matobolwa peke yangu nikiwa nimekaa juu ya debe tupu stesheni, nikingoja treni, nina koti la mtu lililochanika. Niliporudi mjini nikakuta Ndahani hana tarbushi. Walikuwa wamempa panga afyeke majani ya boma mpaka watakapoamua vingine, kwa kosa la kupiga kelele barazani. Alikuja uani amelowa jasho, viganja vimetoka malengelenge, akakaa. Akamwambia Bi Zuhura, "Nipe chai ya Mnyamwezi. Mimi sasa ndiye punda." Walimrudishia tarbushi baadaye, lakini alifyeka muda mrefu, na hakuwahi kuniambia kwamba alifanya vile kunisaidia. Nilimwuliza mara moja. Akasema lile koti lilikuwa linamuumiza macho.

Majuma yakapita hakuna jibu. Huko Usoke watu waliniita Yakobo Magome. Nilikasirika kila siku, nikawakasirikia wao, nikamkasirikia Mwalimu aliyedai alipwe koti, na kila nilipokasirika niliuza asali yangu ya mwisho kwa sauti kubwa zaidi. Watu huniuliza nilipata wapi ujasiri wa kusimama mbele za watu, mimi mtu wa darasa la pili. Wanadhani kuna dawa. Ujasiri wangu wote ni kwamba tangu siku ile niliona aibu kubwa kuliko zote, ile ya kusimama mbele ya watu wanaokujua ukiwa umejifanya mwingine, na baada ya ile, kutazamwa na watu elfu si kitu. Namwambia Agnesi hivyo, ananiambia nipunguze sauti.

Kisha msimu ulipokaribia, mwanangwa akatuita. Jibu limekuja. Wenye mizinga wataingia, kwa njia moja tu, mchana, na mlinzi wa misitu atakaa penye njia hiyo. Kila mtu atamwambia mlinzi amechuna miti mingapi tangu msimu uliopita. Atakayegundulika amedanganya, njia itafungwa kwa wote. Watu wakageuka kunitazama, na sikujua bado kama ni shukrani au wanataka kunitia mtoni.

Tulifika penye njia asubuhi, kamba mabegani, shoka, vibuyu, moshi wa matita ya kufukizia nyuki tayari unafuka. Walikuwa wamelaza gogo jembamba juu ya nguzo mbili kuvuka njia, na nyuma yake amekaa mlinzi, kijana wa Nzega, mpole, akanyanyuka alipowaona wazee. Masanja alikuwa wa kwanza, mimi nyuma yake.

"Shikamoo baba," mlinzi akasema.

"Marahaba."

"Umechuna mingapi, baba?"

"Mimi huokota," akasema Masanja.

Mlinzi hakubisha. Aliweka mkono juu ya gogo, akangoja. Ulimi uliniwasha. Nilikuwa na la kusema, na ningelisema vizuri, lakini kwa mara moja maishani mwangu nikaona kwamba hapo pa kusema hapakuwa pangu. Masanja akageuka, akanitazama, kwa hasira ile yake ya siku zote, kwa muda mrefu. Akatema mate kando.

"Minane," akamwambia mlinzi. Akatazama chini, akatazama msitu. "Na mninga mmoja. Mninga ule nilikosea, ulikuwa mchanga."

"Sawa, baba."

"Mbona hunikamati?"

"Nimetumwa kuuliza tu, baba." Akainua lile gogo kwa mikono miwili. Masanja akainama, akapita chini yake na kamba zake, akaenda hatua chache ndani ya kivuli, kisha akasema bila kugeuka, "Huyo anayefuata ni mwongo kuliko mimi. Mwulize mara mbili."

Nikasema yangu yote, kwa sauti ya kufika mpaka mwisho wa mstari, na mlinzi hakuuliza mara ya pili.